SAFARI NA JAMII: Fuo za India zapendeza, lakini uliza upepo kwanza



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, jijini Nairobi. Binti yake wa kwanza yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja karibu na mji wa Mangaluru, kusini magharibi mwa India, akisomea ufamasia. Tangu aondoke nyumbani, wazazi wake hawajamwona ila kwenye simu. Mama huyo na mumewe wamejinyima na kuweka akiba katika chama kwa miaka mitatu, na sasa hela zimetimia. Watu wanne watakwenda kumwona binti, kisha jamii nzima ipumzike ufuoni kwa siku kumi.

"Mwandishi," ananiuliza, "ni ufuo upi ulio mzuri kuliko zote? Wakala wetu wa usafiri ametuambia twende Goa mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni, kwa sababu bei za hoteli hushuka karibu nusu. Nimlipe?"

Mama, jibu langu la kwanza ni fupi: usimlipe bado. Hilo la pili, la ufuo mzuri kuliko zote, nitalijibu pia, lakini ni lazima nianze mbali kidogo. Ukichagua ufuo kabla ya kuchagua mwezi, utakuwa umenunua viatu kabla ya kupima mguu.

Yaliyonipata mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nami niliambiwa maneno hayo hayo na wakala mwingine. "Ni mvua kidogo tu," alisema, "na watalii ni wachache, mtapumua." Nikalipa. Tukafika Goa katikati ya Agosti, mimi, mke wangu na watoto wawili. Vibanda vya kulia chakula tulivyoviona kwenye picha havikuwako. Baadaye niliambiwa kuwa hubomolewa kila mwaka kabla ya mvua na kujengwa upya kuanzia Oktoba. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila hatua chache kulikuwa na bendera nyekundu.

Siku ya tatu jua lilichomoza kidogo. Kijana wangu, wakati huo akiwa na miaka 14, alijifunza kuogelea Nyali na hakuogopa maji. Alinisihi aingie hadi magotini tu, na nikakubali. Hilo ndilo kosa langu. Wimbi lilimpiga, mchanga ukamtoka chini ya miguu, na kabla sijavua viatu alikuwa mbali, akipiga mikono kuelekea kwangu huku maji yakimrudisha nyuma.

Mwokoaji alikuwa amepuliza kipenga tangu tulipoukaribia ukingo. Mimi nilidhani anawapigia wengine. Ndiye aliyeingia na boya lake akamtoa kijana, akitapika maji ya chumvi. Wala hakunigombeza. Alininyoshea kidole kwenye bendera, akaenda zake. Aibu ile ninayo hadi leo, na ndiyo sababu naandika makala haya.

Kusi ni ile ile

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa jambo hili, lakini sisi wa bara tumelisahau. Bahari ya Hindi ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi hivi, ikitoka upande wa India na Arabuni kuja kwetu. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikitoka kwetu kwenda kwao. Majahazi ya Mombasa, Lamu na Zanzibar yaliishi kwa pepo hizo kwa karne nyingi. Vasco da Gama mwenyewe alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani aliyeijua njia. Wakang'oa nanga Aprili, kusi ikianza, na baada ya siku 23 hivi wakafika Kappad, karibu na mji wa Kozhikode, ambao Wazungu waliuita Calicut.

Sasa zingatia: manahodha wa zamani hawakupenda kufika India mwezi wa Juni au Julai. Kusi inayotuletea sisi baridi na manyunyu, ikishavuka bahari nzima hufika kule imejaa maji na nguvu. Mvua zake huanza jimbo la Kerala karibu na tarehe 1 Juni, zikapanda kaskazini hadi Goa na Mumbai, na haziishi hadi mwisho wa Septemba. Bandari nyingi za pwani ya magharibi zilikuwa zikifungwa wakati huo. Ikiwa nahodha mwenye jahazi aliogopa, mimi na wewe wenye suruali za kuogelea tuna ujasiri gani?

Ndiyo maana bei hushuka Agosti. Hakuna mwenye hoteli anayekuhurumia, bahari imefungwa.

Kule hakuna mwamba

Kuna jambo la pili ambalo huwaponza Wakenya hasa. Sisi tumezoea Diani, Nyali na Watamu, ambako mwamba wa matumbawe umesimama mbali kidogo kutoka ufuoni kama ukuta. Mawimbi makubwa huvunjika kule nje, na maji yanayotufikia huwa yametulia. Mtoto anayeogelea Diani anaogelea ndani ya ua.

Sehemu kubwa ya pwani ya India bara haina ua huo. Wimbi hutoka bahari kuu likaja moja kwa moja hadi miguuni pako. Maji yaliyopanda ufuoni hutafuta njia ya kurudi, na hurudi kwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaomvuta mtu nje. Aghalabu mahali penye mkondo huo huonekana pametulia kuliko pande zake, hivyo mgeni hupachagua akidhani ndipo salama.

Wafundishe watoto kabla ya safari: ukivutwa, usishindane na mkondo ukijaribu kurudi moja kwa moja. Utachoka, na anayechoka ndiye anayezama. Elea, inua mkono, kisha ogelea kando, sambamba na ufuo, hadi utoke kwenye mkondo. Hapo ndipo urudi nchi kavu. Mzazi naye asiruke majini bila boya. Mara nyingi hufa wawili badala ya mmoja.

Likizo zetu tatu

Shule zetu zina likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Tuzitazame moja moja.

Mwisho wa mwaka ndio wakati bora kwa pwani ya magharibi, yaani Gujarat, Goa, Karnataka na Kerala. Kusi imekufa, mbingu ni nyeupe na bahari imelala. Kasoro ni moja: kuanzia tarehe 20 Desemba hivi hadi mwaka mpya, Wahindi wenyewe hufurika Goa na bei hupaa. Nenda mwisho wa Novemba au mapema Desemba, urudi nyumbani Krismasi.

Pwani ya mashariki ni kinyume chake. Chennai na jimbo lote la Tamil Nadu hupata mvua zao kubwa Oktoba hadi Desemba, na vimbunga vya Ghuba ya Bengal huja miezi hiyo hiyo. Mji wa Chennai ulifurika Desemba 2015, ukafurika tena Desemba 2023. Huko ni afadhali Januari hadi Machi, ambapo watoto wetu wako darasani. Wanafunzi wanaosoma India wanaweza kuutumia wakati huo wakipata mapumziko.

Aprili yafaa, lakini jua ni kali na jasho halikauki. Oga asubuhi na jioni, adhuhuri ukae kivulini.

Agosti, kama nilivyosema, sahau kuogelea pwani ya magharibi. Ikiwa huna mwezi mwingine, nenda mashariki, ambako milima huzuia mvua ya kusi. Mamallapuram, kiasi cha kilomita 60 kusini mwa Chennai, kuna hekalu la mawe lililojengwa ukingoni mwa bahari katika karne ya nane, na UNESCO iliuweka mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1984. Puducherry, uliokuwa mji wa Wafaransa, una barabara ya ufuoni ambayo jamii nzima hutembea jioni. Mtaona mengi, mtakula samaki, lakini mtaogea hotelini.

Basi twende ufuoni

India ina zaidi ya kilomita 7,500 za pwani, kwa hivyo hakuna ufuo mmoja ulio bora kwa watu wote. Jiulize unataka nini.

Mwenye watoto wadogo: Palolem, kusini mwa Goa. Ni ghuba iliyopinda kama mwezi mchanga, yenye vilima pande zote mbili, na maji yake hutulia kuliko ya fuo zilizo wazi. Agonda, jirani yake, ni kimya zaidi, lakini mawimbi yake ni makali. Kaskazini mwa Goa kuna Calangute na Baga, zenye muziki, pikipiki za majini na umati. Vijana huzipenda, mwenye mtoto mchanga hatalala.

Mwenye kupenda kutembea: Gokarna, katika jimbo la Karnataka. Huu ni mji wa mahujaji, na nje yake kuna fuo kadhaa zilizotenganishwa na vilima, mathalan Kudle na Om. Huo wa mwisho umeitwa hivyo kwa sababu ukiutazama kutoka juu umejipinda kama herufi takatifu ya Wahindu. Unatoka ufuo mmoja hadi mwingine kwa miguu. Angalia mawe.

Mwenye kupenda maajabu: Malpe, karibu na Udupi, panda mashua uende kisiwa cha St Mary's. Huko kuna nguzo za mawe meusi, nyingi zenye pande sita, zilizosimama kama kuni zilizopangwa. Wataalamu wanasema ni mabaki ya volkeno ya wakati India ilipotengana na Madagaska, miaka milioni 88 hivi iliyopita. Mashua hizo hazifanyi kazi wakati wa mvua. Kusini zaidi, karibu na Kannur, kuna ufuo wa Muzhappilangad ambao mchanga wake ni mgumu kiasi cha kupitisha magari kwa kilomita nne hivi. Baba anayependa usukani atafurahi.

Mwenye kupenda mandhari: Varkala, katika Kerala, ambapo magenge mekundu yamesimama juu ya bahari, na hoteli na maduka yamejipanga juu yake. Kovalam, kilomita 15 hivi kutoka Thiruvananthapuram, una mnara wa taa unaopandwa.

Mwenye kupenda historia yetu: Mandvi, katika Kutch, Gujarat. Huko ndiko walikotoka wengi wa wafanyabiashara Wahindi waliofika Mombasa na Zanzibar kwa majahazi, na hadi miaka hii mafundi wamekuwa wakiunda vyombo vya mbao kando ya mto wake. Mbele zaidi kuna kisiwa cha Diu na ufuo wa Nagoa, wenye miti inayoitwa hoka. Ukiitazama utaitambua: ni jamii ya mikoma yetu, na wenyeji husimulia kuwa ililetwa kutoka Afrika. Katika Gujarat wako pia Wasidi, Wahindi ambao mababu zao walitoka upande wetu.

Mwenye hela nyingi: ufuo wa Radhanagar, katika visiwa vya Andaman. Mchanga ni mweupe na msitu hufika hadi ufuoni. Lakini ni safari nyingine ya ndege kutoka Chennai au Kolkata, kisha mashua. Kisiwa chenyewe kilibadilishwa jina mwaka 2018, kutoka Havelock kikawa Swaraj Dweep, kwa hivyo usichanganyikiwe na ramani.

Kuna fuo pia ambazo ni za kutembea wala si za kuoga. Marina ya Chennai ni moja ya fuo ndefu za mijini duniani, lakini mikondo yake imeua wengi. Juhu na Girgaum Chowpatty za Mumbai zina maji machafu. Hata hivyo usizipite. Nenda jioni, ununue bhel puri kwenye kibanda, uwatazame watoto wakirusha tiara. Mji mzima uko pale.

Na liko jambo ambalo watoto wako watalishangaa bila kulipia. Hapa kwetu jua huchomoza kutoka baharini. Goa na Kerala hutua baharini, na kila jioni watu husimama kulitazama kana kwamba halijawahi kutua.

Reli moja, fuo nyingi

Msitumie hela zote kwa teksi. Reli ya Konkan, iliyofunguliwa yote mwaka 1998, huteremka kando ya pwani kutoka karibu na Mumbai hadi karibu na Mangaluru, ikipita milima na madaraja mengi. Ina stesheni Madgaon na Canacona kwa wanaokwenda Goa ya kusini, Gokarna Road, na Udupi. Ukiendelea na treni kusini utafika Kannur, Kozhikode, Varkala na Thiruvananthapuram. Kata tikiti mapema, maana viti huisha.

Mavazi na heshima

Nje ya Goa na mahoteli makubwa, akina mama wengi wa Kihindi huingia majini wakiwa wamevaa nguo zao. Mgeni aliyevaa kidogo atatazamwa hadi achoke. Chukueni leso na fulana ndefu. Katika miji ya mahujaji kama Gokarna, vaeni vizuri mtokapo ufuoni. Gujarat pombe imekatazwa na sheria, usiibebe mkobani.

Chakula hakitawasumbua. Chapati na bajia mnavijua, na mchuzi wa samaki wa nazi wa Goa na Kerala ni ndugu wa ule wa Mombasa. Dafu lililokatwa mbele yako ndicho kinywaji salama. Maji ya mfereji msiyanywe.

Karatasi

Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Viza ya India huombwa kwa mtandao, lakini hakikisheni tovuti ni ya serikali ya India yenyewe, kwani walaghai wametengeneza za kufanana nayo. La muhimu kabisa ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya bila cheti hicho anaweza kutiwa karantini hadi siku sita, na likizo yake ikaishia huko. Chanjo ifanywe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukishachanjwa mara moja, cheti hudumu maisha yako yote.

Sasa, mama yangu wa Buruburu

Hela hizo ni jasho la miaka mitatu, na najua jinsi punguzo linavyovutia. Lakini mnakwenda watu wanne ili mrudi wanne, na binti mumwache salama masomoni.

Mwulize binti kwanza ratiba ya mitihani yake. Akiwa na nafasi mwisho wa Novemba au mapema Desemba, sogezeni safari hadi wakati huo. Nendeni Mangaluru mumkumbatie, mlale siku mbili tatu mumwone anavyoishi. Kisha pandeni treni naye kwenda kaskazini: siku mbili Udupi na Malpe, siku mbili Gokarna, na zilizobaki Palolem. Kila kituo ni mwendo wa saa chache. Hamtahitaji ndege nyingine wala wakala wa kuwashika mkono.

Ikiwa Agosti ndiyo pekee anayoipata binti, nendeni Agosti. Kumwona mtoto ni bora kuliko ufuo. Itazameni mvua kutoka barazani, mle samaki, mzungumze mpaka usiku. Bendera nyekundu ikipepea, kaeni mbali na maji, hata magotini. Hata mtoto akilia, mwacheni alie.

Na huyo wakala, mwulize swali moja tu kabla ya kutoa hata shilingi: "Mwezi huo upepo gani unavuma?" Akikosa jibu, mtafute mwingine.

Kijana wangu sasa ni mtu mzima. Hukanyaga bado ufuo wa Nyali, lakini kabla ya kuingia majini husimama kwanza, akatazama bendera, kisha akanitazama mimi. Hatuzungumzi lolote.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia safari njema na kurudi kwema.